Jumlisha Sita

Tiketi ilisema tatu na dakika arobaini.
Mjomba Kibwana akasema: saa tatu asubuhi hiyo,
tutakunywa chai kwanza, tutamsindikiza kwa nafasi.
Nikaipeleka kwa Yasri, wakala wa pale Msimbazi.
Hakuinua hata kichwa. "Jumlisha sita, mama.
Hawa wanaanza kuhesabu usiku wa manane,
sisi tunaanza na jua."
Tatu na sita, tisa.
Saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne.
Kumbe mwanangu angekwisha kuruka
mjomba akiwa bado anakoroma
na chai haijabandikwa.

Mimi ni fundi cherehani, Kiwalani.
Umbali naujua kwa sentimita:
bega hadi bega, kwapa hadi kiuno.
Mkono wa Pazi, sitini na mbili,
niliuandika kwa chaki ubavuni mwa kabati
siku nilipomshonea koti la bitana mbili
kwa baridi ambayo sijawahi kuishika.
Nikamuuliza Yasri, ni mbali kiasi gani huko Winipegi?
Akabonyeza, akasoma kama anayetaja bei ya kitenge:
"Kilomita elfu kumi na tatu, mia saba na kitu."

Na kitu.
Hicho kitu kilinikosesha usingizi.
Kwa fundi, kitu ndicho kinachobana kwapani.

Nikaazima tufe la shule kwa Mwalimu Sikujua,
nikakaza uzi mweusi kutoka kwetu hadi kwao.
Ukapita juu ya jangwa, ukavuka bahari nyingine kabisa,
shubiri moja na nusu.
Lakini ndege haishoni mshono ulionyooka:
Adisi Ababa kwanza, saa nne juu ya kiti cha chuma,
halafu Toronto, foleni na maswali,
halafu ndege ndogo usiku.
Nikapima upya kwa njia hiyo.
Uzi ukazidi upana wa kidole. Na kitu.

Saa ishirini na nane, alisema Yasri,
na atafika Jumanne.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa vifungo.
Kwangu itakuwa Jumatano, saa moja na dakika arobaini,
watoto wameshakwenda shule, mimi natia mafuta cherehani.
Kwake bado Jumanne, usiku, saa nne na dakika arobaini.
Mwanangu alipewa Jumanne moja
ya saa thelathini na tatu.
Sijui nani aliyemkatia kipande kikubwa hivyo,
wala mabaki yake yalikwenda wapi.

Kutoka mlangoni kwangu hadi uwanjani
ni dakika ishirini kwa mguu.
Usiku ule tulikwenda kwa bajaji, kwa sababu ya begi.
Askari akasema wasindikizaji mwisho hapa.
Pazi akaingia, koti mkononi, joto lote lile,
akageuka mara moja, akatafuta pasipoti,
na nilichokiona mwisho ni mshono wa mgongoni,
umekaa sawa.

Sasa anapiga simu, na salamu hazitutoshi.
Nikisema umeamkaje, hajalala.
Akisema habari za jioni, kwangu jogoo anawika.
Nikimwambia usiku mwema, anacheka,
yuko ndani ya basi, anakwenda kazini,
theluji hadi magotini, anasema,
na mkono wa koti umekuwa mfupi kidogo.
Mfupi? Nilipima mara mbili.
"Kidogo tu, mama."

Imebaki shikamoo. Hiyo haina saa.
Huiwezi kuijumlisha sita wala kuitoa tisa.
Anaitamka, kimya kinapita, kama pumzi moja,
ndipo inafika, nami naijibu.

Juzi, katikati ya marahaba,
mabati yakaanza kutetemeka, vikombe vikagongana.
Nikapaza sauti: Subiri, Pazi, ndege inapita.
Akanyamaza.
Kisha akasema, taratibu, "Naisikia."